Dresa Aliyesema Usikate

Hapa Boito kuna watu wawili ambao sauti zao kwenye simu zinajulikana na kila mtu. Mmoja ni mimi. Ukitaka lori la kubeba majani ya chai, mabati, simiti, ama msumari mmoja tu wa kugongea mlango, unanipigia mimi. Wa pili ni Dresa. Ukiumwa na nyoka, ulimpigia yeye. Nasema ulimpigia, kwa sababu siku hizi watu wameacha, na aliyewaachisha ni mimi. Miaka mitatu nimemwacha mzee abebe kosa langu, na sitaki aingie kaburini akiwa nalo. Ndiyo maana naandika, mimi mtu wa darasa la nne, ambaye hata barua ya kuomba kazi sijawahi kuandika. Kazi nilijipa mwenyewe.

Jina alilipata kazini. Zamani mashamba makubwa ya chai yalikuwa na zahanati zao, na ndani mlikuwa na mtu wa kusafisha vidonda na kufunga bandeji. Huyo ndiye dresa. Alistaafu, akarudi kwa ekari yake moja hapa juu, na jina likamfuata kama mbwa. Hata mchungaji wetu humwita hivyo kanisani. Jina lake la ubatizo nimelisikia mara moja tu, likisomwa kwenye orodha ya harambee, na watu wakaangaliana kuuliza huyo ni nani.

Nilikutana naye siku yangu ya kwanza ya kuchuma. Nilikuwa nimetoka kwetu Kisii na mfuko mmoja na viatu vya kuazima, na nilitaka nyapara aone nina mikono myepesi kuliko wote. Nikaingiza mikono yote miwili kwenye chai mpaka kwenye viwiko. Kitu kikanichapa mgongoni, chap! Kugeuka, naona mzee wa koti la kaki, gambuti mguuni, fito mkononi.

"Wewe Mkisii! Kwenu mnaingia nyumba ya watu bila hodi?"

"Nyumba gani, mzee? Hii ni chai."

"Chai iko na wenyewe ndani." Akagonga kichaka kwa fito, pa, pa, pa, akangoja, akasikiliza kama mtu aliyesimama mlangoni. "Sasa ingiza mkono. Na kesho nikikuona tena bila hodi, sikuchapi. Nitaacha mwenye nyumba akufungulie."

Wachumaji walicheka mpaka vikapu vikatikisika. Nilikasirika sana. Lakini mpaka leo, na mashamba yangu mwenyewe, sijawahi kuingiza mkono kwenye chai bila kubisha hodi, na hakuna mfanyakazi wangu anayethubutu.

Kiswahili chake kilikuwa cha Kipsigis hasa. Dawa ilikuwa tawa, damu ilikuwa tamu. Siku moja nilimcheka mbele ya watu. Akanijibu bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye kidonda alichokuwa anaosha: "Mimi nasema tawa na mtu anapona. Wewe unasema vizuri. Umeponya nani?" Kwa hiyo maneno yake nitayaandika kwa matamshi ya kawaida, nisije nikachapwa tena.

Mambo yake na nyoka hayakuwa ya kuwapenda. Watu wa mbali walidhani ni mganga, anawaita kwa filimbi. Alikuwa anawaogopa kama wewe, ila alikuwa na utaratibu. Akifika kwa mtu aliyeumwa, swali la kwanza: "Saa ngapi?" Hakuuliza nyoka ni wa rangi gani wala ametoka wapi. Saa ngapi. Halafu anatoa biro, anaandika ile saa juu ya ngozi ya mgonjwa. Anachora mstari pale uvimbe ulipofika. Baada ya muda anachora mwingine, anaandika saa tena. Mtu anapelekwa hospitali ameandikwa kama gunia la viazi. Akina mama walikuwa wanamtania, "Dresa, uniandikie na bei." Yeye hacheki. Anasema, "Daktari atasoma. Wewe huwezi kumwambia, utakuwa unalia."

Kisha anavua kila kitu kinachobana: pete, saa, bangili, kamba ya shanga. Mkono ukifura, alisema, pete inageuka kuwa mwizi. Kisha anafunga mkono ama mguu kwa ubao na kitambaa, taratibu, usitikisike. Na katika hayo yote anarudia maneno matatu kama mtu anayehesabu: usikate, usifunge kamba, usinyonye. Alikuwa ameyasema maisha yake yote. Kila msimu, wachumaji wapya wakija, kamati ya kituo chetu cha kununua majani ilimpa nafasi asimame mbele ya mizani ayaseme.

Sasa huyu huyu mtu wa daktari, mfukoni mwa koti alikuwa na jiwe jeusi. Mnalijua, lile la mfupa uliochomwa ambalo watu wanabandika kwenye jeraha wakisema linavuta sumu. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani nimemshika. Ilikuwa kule Sigor, tumeenda mazishi, joto, na fundi mmoja wa ukuta akaumwa na kifutu, yule nyoka mnene wa kulala njiani. Jamaa alikuwa anaruka, anapiga kelele, anataka kukimbia mpaka barabarani. Dresa akatoa jiwe, akalibandika, akamwambia kwa sauti ya chini, "Hili jiwe linafanya kazi. Lakini ukitikisika linaanguka, na likianguka basi." Yule mtu akatulia kama maiti. Dakika arobaini, mpaka gari likaja, hakukunja hata kidole.

Kwenye gari nikamuuliza, "Mzee, wewe mtu wa zahanati, unaamini jiwe?"

"Jiwe halishiki sumu," akasema. "Linashika mtu."

Ndivyo alivyokuwa. Ukweli wote alikuwa nao, lakini kama uwongo mdogo ungemkalisha mtu chini, aliutumia bila aibu na bila kuuombea msamaha Jumapili. Na alikuwa mzee wa kanisa. Siku nyingine nilimpelekea mbolea, nikamkuta amesimama nje ya mlango wake mwenyewe na kikombe cha maziwa. Nyoka alikuwa ameingia ndani. Mimi nikakimbilia panga. Akanizuia kwa mkono, akamwaga maziwa kidogo kizingitini, akasema maneno ya Kikipsigis, kwa heshima, kama unavyoongea na mama mkwe. Tukangoja. Nyoka akatoka kivyake, akapita kwenye majani, akaenda.

"Hii si mambo ya mashetani, Dresa? Nikimwambia mchungaji?"

"Mwambie. Mama yangu alifanya hivi, na wewe ungepiga panga, ungemkosa, angekuuma. Sasa uko mzima unaongea kuhusu mashetani."

Kulikuwa na kitu kimoja alichokikimbia wazi wazi: viwavi. Wale wenye manyoya wanaokaa chini ya jani la chai, ukiwagusa ngozi inawaka siku mbili. Kinyonga, ambaye wanawake wa kwetu wakimwona wanaacha mstari mzima wa chai, yeye alimbeba kwenye kofia akitembea naye katikati yao: "Huyu hana meno ya kukuuma, mama. Anakuangalia tu na wewe unamuangalia." Lakini kiwavi! Nilimwona mzee wa miaka sabini akivua koti barabarani, akilipiga chini, akilikanyaga, kisa kiwavi kimoja. Na siku mlinzi wa kiwanda alipotemewa sumu machoni na swila, watu wakaleta maziwa ya mama kwenye kikombe, Dresa alikimbia na mtungi wa maji begani akipiga kelele, "Maji! Nimesema maji! Huyu ni mtu mzima, nani anamnyonyesha?" Akamwoshea macho mpaka mtungi ukaisha, akaagiza mwingine. Mlinzi yule anaona mpaka leo.

Basi sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Ilikuwa saa nane mchana. Tulikuwa tumepogoa kipande cha juu na mke wangu alikuwa anakusanya matawi makavu ya chai kuwa kuni. Kifutu alikuwa chini ya lundo, na rangi yake na ya matawi ni moja. Alimuuma mkono wa kulia, hapa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Nilimsikia akiita jina langu mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeniitia chakula. Nilipofika alikuwa amekaa chini ameshika mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

Malori yote yalikuwa kiwandani. Nilikuwa na pikipiki, simu, na kisu cha kupogolea. Nikampigia Dresa.

"Mzee, mama watoto ameumwa na nyoka!"

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi! Mkono! Kifutu!"

"Mkalishe. Nakuja na boda. Usikate. Unasikia? Usikate!"

"Sikati, mzee."

Msomaji, wewe unajua sisi tukiwa kwenye simu "usikate" ni nini. Ni usikate simu, baki hapo, tuongee. Hivyo ndivyo nilivyosikia. Nikaweka simu kwenye mfuko wa shati ikiwa hewani. Yale maneno yake matatu ya kituoni nilikuwa nimeyasikia miaka ishirini, lakini mimi huwa sisikilizi sana mahali ambapo siongei mimi. Na nilikuwa nimeona mkono unaanza kufura. Mimi ni mtu wa kufanya. Nyumba nilijenga bila fundi wa kuniambia, biashara nilianza bila mtu wa kuniambia. Nikafungua mpira wa blada niliokuwa nafungia mizigo kwenye pikipiki, nikafunga mkono juu ya kifundo kwa nguvu zangu zote. Nikachukua kisu.

Mke wangu alipiga kelele, na mfukoni mwangu mzee naye akapiga kelele. Nilimsikia vizuri, sauti ndogo kwenye kifua changu: "Usikate! Usikate, wewe! Usikate!"

Na mimi nikamjibu, nikimkata mke wangu tena, "Niko hapa, mzee! Sijakata!"

Dresa alifika akikimbia, koti limejaa matope, alikuwa ameanguka na boda. Aliangalia damu. Aliangalia blada, akaanza kuilegeza kidogo kidogo, akingoja, akilegeza. Aliandika saa juu ya mkono wa mke wangu na biro ikawa haishiki kwa sababu ya damu, akaandika juu zaidi, kwenye bega. Halafu akatoa simu yake mwenyewe mfukoni. Bado ilikuwa imeshikana na yangu. Aliitazama, akanitazama mimi, na hapo ndipo nikaelewa. Nikamwona na yeye ameelewa. Akabonyeza, simu ikakatika.

Hospitalini daktari alitoka na glavu mikononi. Korido ilikuwa imejaa watu wangu, wa kanisa, wa kituo, kwa sababu mimi nikipata shida watu hujaa. Daktari alikuwa na hasira.

"Nani alikata huu mkono?"

Wote wakaniangalia. Ningesema mimi. Ni neno fupi. Badala yake nikasikia sauti yangu, ile ya kuongelea mikutanoni, ikisema: "Dresa alikuwa kwa simu. Alikuwa ananielekeza."

Dresa alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Daktari akamgeukia. "Mzee, kweli? Na miaka yako yote?"

Nilingoja aniseme. Alikuwa na haki, na ninajua angeaminiwa. Akasema, "Daktari, angalia mkono kwanza."

Mke wangu alibaki hai. Alipoteza kidole cha shahada na cha kati, vidole viwili ambavyo mchuma chai anavunjia jani. Daktari alisema kisu kilikata mishipa ya vidole na blada ikamalizia. Sumu yenyewe wangeiweza.

Habari ya kwamba Dresa alimwambia tajiri akate ilifika kila mahali kabla hatujatoka wodini. Watu wakaacha kumpigia. Kwenye kamati ya kituo mtu akainuka, akasema mzee amechoka, asisimame tena mbele ya wachumaji. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni mimi. Niliuliza kama kuna pingamizi. Hakukuwa na pingamizi. Tukaendelea na habari ya barabara.

Miaka mitatu. Nilikuwa nampita njiani na gari, nampigia honi, naye anainua fito. Nilimtumia mbolea gunia mbili kwa mkono wa dereva, akazirudisha na dereva huyo huyo. Sikuwahi kusikia ameniongelea, hata kwa watu wasionipenda, na hao ni wengi.

Mwezi uliopita jirani wa upande wa bonde alinipigia: mama yake ameumwa na nyoka mguuni akikata majani ya ng'ombe, kuna gari? Nilienda mwenyewe na lori. Nilimkuta mama amelazwa mlangoni, mguu umefungwa kamba ya ng'ombe, umechanjwa mahali patatu, damu mpaka kwenye ngazi.

"Nani amefanya hivi?" nikauliza.

"Mimi, boss," jirani akasema, kisu bado mkononi. "Si hata wewe Dresa alikuambia ukate?"

Nikamwangalia. Nikabeba mama yake nikamweka kwenye lori. Mama huyo bado yuko wodini ninapoandika. Daktari amesema mguu utabaki, kidonda kitachukua miezi.

Jioni nilimweleza mke wangu. Alikuwa anamenya viazi, na mkono wake una namna yake sasa, anabana kiazi kwa kiganja. Hakuacha kumenya.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Mzee akilia mfukoni mwako. Nilingoja useme wewe. Nikaona nisikuaibishe, wewe ni mtu wa watu." Kiazi kikaanguka kwenye sufuria. "Sasa mguu wa yule mama nitauweka wapi?"

Asubuhi nilienda kwa Dresa kwa miguu. Gari lingenifikisha haraka mno. Nilimkuta akitia mpini kwenye jembe. Amekonda, koti limekuwa kubwa kuliko yeye.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei." Akanisogezea kigoda kwa mguu. "Lori limekufa?"

"Hapana. Nimekuja kwa ile siku."

Akaendelea kugonga mpini. Nikamweleza yote, kama nilivyoandika hapa, mpaka korido. Nilidhani akisikia atakasirika, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hasira naijua. Akasema kitu kingine kabisa.

"Mimi ndiye nilisema neno la simu kwenye simu. Hilo ni langu. Nimelifikiria sana. Ningesema usichanje, ungesikia. Siku hizi nasema usichanje." Akaangalia jembe. "Ila siku hizi hakuna wa kumwambia."

"Neno ni lako, sawa. Lakini korido ni yangu. Naomba unisamehe, mzee."

"Kule korido ulimwambia nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wa kanisa. Wa kituo. Wote."

"Na leo umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa najua." Akainuka, akishika magoti, akachukua kofia. "Majani yanapimwa saa ngapi siku hizi?"

"Saa kumi, mzee. Lakini leo kuna—"

"Saa kumi ni vizuri. Watu wanakuwa wengi."

Tulikunywa chai, na saa kumi ilipokaribia tukateremka. Kituoni mstari ulikuwa mrefu, magunia yamejaa, watu wamechoka na wanagombania nafasi. Mke wangu alikuwa katikati ya mstari na gunia lake. Karani akaniona na mzee, akasimamisha mizani. Mimi nimeongea kwenye mazishi, harusi, mikutano ya wabunge, na sijawahi kukosa sauti. Nilipanda juu ya jukwaa la mizani, nikashika nguzo yake.

Nikasema Dresa hakuniambia nikate. Nikasema aliniambia nisikate, mimi nikakata, kisha nikamsingizia mbele ya daktari na mbele yenu. Nikasema kamba na kisu ndivyo vilivyokula vidole vya mke wangu, na vimeanza kula mguu wa mama wa jirani. Nilisema haraka, macho yangu kwenye mabati ya paa.

Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu mmoja nyuma aliuliza mwenzake, "Amesema nini?" Nikaanza kushuka, na fito la Dresa likanigusa kifuani, polepole, likanizuia.

"Sema tena," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikapanda juu, nikasema tena.